Sura ya Tisa: Ufunguo Uliochemshwa

Kwa asubuhi ya tisa mfululizo mzee Ngoyai alikuwa amewahi benchi la kituo kabla askari wa zamu hawajabadilishana. Alikaa pale pale pa siku zote, mwisho wa benchi, karibu na mlango wa mahabusu, amejifunga shuka mbili na bado anatetemeka. Karatu ya mwezi wa saba humtetemesha hata mwenyeji, kwa hiyo hakuna aliyemjali.

"Shikamoo, mzee," alisema Mkaguzi Laurencia Tluway, akinyoosha mkono.

"Marahaba." Ngoyai akatoa mkono wa kushoto.

Laurencia aliupokea kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Tangu Jumatatu mzee huyu alikuwa akimsalimia kwa kushoto, na yeye alilelewa Mbulu na bibi aliyechapa wajukuu kwa kosa hilo hilo. Kila siku aliimeza dharau hiyo pamoja na chai. Leo nayo aliimeza. Mlalamikaji ni mlalamikaji.

"Lekoko anapelekwa lini mahakamani?"

"Jumatatu, mzee. Nilikwambia jana, na juzi nikakwambia."

"Jumatatu," Ngoyai alirudia, kana kwamba alikuwa akiipima siku yenyewe kama inatosha.

"Nikuulize tena na mimi, maana tunaulizana kila siku. Ng'ombe wako wa kwanza alipokufa, Lekoko alikwambia usimchune na watu wasile nyama. Alisema kwa nini?"

"Hakusema."

"Hata sababu moja?"

"Hakusema, mama. Alisema tu, acha. Sasa mtu anajua vipi nyama ni mbaya kama si yeye ameweka ubaya?"

Hapo ndipo kesi nzima ilipokuwa imekwama kama gari kwenye tope la Endulen. Ng'ombe kumi na mmoja wa Ngoyai walikufa kwa siku tatu katika kitongoji cha Oltepesi, ndani ya Ngorongoro. Jirani yake Lekoko, waliyegombana naye tangu kiangazi juu ya birika la maji, hakupoteza hata ndama. Aliwahamisha ng'ombe wake bondeni siku ile ile ya kifo cha kwanza, na alionya watu wasile. Kwake ilikutwa chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo, imebaki nusu. Alikamatiwa mnadani Karatu akiwa anauza beberu, na akafunguliwa jalada la kuua mifugo kwa sumu. Watu wawili walioila nyama ile walikuwa wamelazwa kwa matumbo.

Laurencia alikuwa amepoteza siku nne kwenye ile chupa. Siku ya nne aligundua kwamba kila boma la Oltepesi lina chupa kama hiyo, imebaki nusu. Vipimo vya sumu, vya maji ya birika tu, vilipelekwa mbali na vilikuwa kwenye foleni. Na Lekoko mwenyewe alisema neno moja tu tangu afungiwe: "Nilimpa sababu. Nilimwambia damu ya puani haigandi. Kama anasema sikusema, ni neno lake na langu." Kwenye mzoga ule walikuwa wawili tu. Shahidi wa tatu alikuwa ng'ombe.

Damu isiyoganda ni dalili ya kimeta, ugonjwa unaoangusha ng'ombe aliyeamka mzima na kumfuata hata mla nyama. Kama ni kimeta, Lekoko alikuwa jirani mwema aliyeonya. Kama si kimeta, alikuwa mwuaji aliyeropoka. Na maabara ilikwisha kusema, kwa karatasi yenye muhuri: vinasaba vya kimeta havikuonekana.

Wazee wa Oltepesi walikwisha kukaa kikao. Lekoko akisomewa shtaka Jumatatu, mke wake na watoto watano wanavunja boma na kuhama, na ng'ombe wake hawanyweshwi tena pale. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Koplo," Laurencia alimwita dereva wake, "washa gari. Tunarudi maabara."

Koplo Inosenti alishusha pumzi. "Afande, mara ya tatu hii. Watatuwekea godoro."

*

Maabara ya Mifugo Sayuni ilikuwa nyumba ya bati jekundu nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda mashamba ya kahawa. Mara ya kwanza walipofika, mkuu wake, Daktari Fabian Amsi, alikuwa Arusha kwenye semina. Mara ya pili umeme ulikuwa umekatika. Leo umeme ulikuwepo, ila daktari hayupo.

"Yuko njiani," alisema Hyasinta, fundi wa maabara, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakatika mikunjo. "Karibuni chai."

Laurencia hakutaka chai. Alitaka kumpiga mtu. Lakini alikaa, akapokea kikombe, akanywa, na uso ukamkunjamana.

"Maziwa yameungua, dada."

"Nimechemsha mara tatu. Ni sheria ya daktari." Hyasinta alionyesha ukutani kwa kidevu.

Juu ya sinki lilikuwa tangazo lililofunikwa nailoni, herufi kubwa nyekundu: KITU CHOCHOTE KILICHOTOKA KWA MNYAMA KICHEMSHWE KABLA YA KUTUMIKA. HAKUNA MSAMAHA. Chini yake sahihi ya Fabian Amsi, ndefu, yenye mkia.

"Aliugua brusela akiwa kijana, alipofanya kazi Arash," Hyasinta alieleza. "Alikunywa maziwa mabichi kwa heshima ya wenyeji. Mwaka mzima homa na viungo. Tangu hapo hata asali angeichemsha kama ungemwachia."

Inosenti alicheka. Laurencia hakucheka. Aliweka karatasi yenye muhuri mezani.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la tano. Sikio la ng'ombe wa Ngoyai limeingia kwa mlango ule. Limetokaje likiwa karatasi hii?"

"Ng'ombe alikuwa amekaa siku mbili juani," alisema Hyasinta. "Kwenye hadubini tuliona uozo tu. Kwa hiyo tukaenda kwenye vinasaba. Bakteria wa kimeta ana ukuta mnene, na vinasaba vyake viko ndani. Mashine haioni kilicho nyuma ya ukuta. Lazima kwanza tuubomoe."

"Mnaubomoa kwa nini? Nyundo?"

"Kwa kimeng'enya. Laisozaimu." Alifungua kabati akatoa chupa ndogo ya kahawia, tupu. "Kilikuja humu kikiwa unga. Kazi yake ni hiyo tu, kutafuna ukuta wa bakteria. Mwenzake alikuja boksi moja naye, unga wa bakteria wasio na madhara, wa kukipimia. Ule hatujaufungua."

"Kwa nini?"

"Daktari alisema kimetoka kwa watu wanaoaminika. Kukipima ni kupoteza muda."

Laurencia aliigeuza chupa kwenye mwanga. Miaka kumi na nane ya kazi ilikuwa imemfundisha kutoamini kufuli mpaka alisikie likilia. Alisoma lebo polepole, kisha akamsomea Inosenti kwa Kiswahili. "Kimetokana na ute wa yai la kuku."

"Yai hili hili la chipsi?" Inosenti aliuliza.

"Hili hili, la kienyeji au la kisasa," Hyasinta alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hata machozi yako yanacho."

"Nataka kukiona kikifanya kazi," alisema Laurencia. "Sasa hivi. Fungua huo unga wa kupimia."

"Tungehitaji kitu cha kulinganishia, afande. Kimeng'enya kingine, kipya."

"Si umesema kimo kwenye yai? Koplo, mayai mawili. Kimbia."

Inosenti alivuka barabara kwenda kwenye kibanda cha mama Antonia. Hyasinta alipima unga wa bakteria, akauchanganya na maji, yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele, akayagawa kwenye tyubu tatu za kioo. Alitoa kichupa kimoja cha kimeng'enya kwenye friza akakiacha kiyeyuke. Alikuwa na mikono mitulivu. Laurencia alimtazama na kujiambia kwamba kama kuna uwongo kwenye nyumba hii, haukuwa kwenye mikono ile.

Inosenti alirudi na mfuko wa karatasi. "Mama Antonia kanipa na chumvi na pilipili. Nimechukua manne, maana njaa nayo."

Hyasinta alichungulia mfukoni akacheka. "Koplo, haya ni ya kuchemsha! Haya hayabomoi kitu. Ute ukishachemka kimeng'enya kimekufa, hakina tena..."

Kicheko kilibaki kinywani bila mwenyewe.

Laurencia aligeuza kichwa akasoma tena tangazo la ukutani, kutoka neno la kwanza mpaka mkia wa sahihi.

"Dada Hyasinta," alisema, na sasa alikuwa amehamia Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwao wote wawili, kwa sababu binti alikuwa ameanza kuogopa. "Kuku ni mnyama?"

"Ni mnyama."

"Mlikichemsha?"

"Nilikichemsha mimi." Hyasinta alivuta kiti akakaa. "Siku kilipofika nilikiyeyusha chote, nikakiweka kwenye mashine ya mvuke dakika ishirini pamoja na maji ya chumvi, ndipo nikakigawa kwenye vichupa. Nilimwuliza daktari. Alisema hicho kinastahimili joto, na sheria ni sheria."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Tangu mwezi wa tano mmepima kimeta mara ngapi?"

"Mara kumi na nne."

"Mmekipata mara ngapi?"

Hyasinta alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusoma ripoti. "Hata mara moja. Daktari alifurahi sana. Alisema chanjo zinafanya kazi."

Inosenti aliyaweka mayai yake mezani. Njaa ilikuwa imemtoka.

*

Mama Antonia alinung'unika kwamba polisi wanachagua mayai kama wachumba, lakini alitoa mawili mabichi. Hyasinta alitenga ute wa moja, akauzimua kwa maji, akatia matone kwenye tyubu ya kwanza. Ya pili aliitilia kimeng'enya cha maabara. Ya tatu maji matupu. Laurencia aliangalia saa. Saa tano na dakika kumi.

Dakika ya tatu mlango ulifunguliwa kwa nguvu na Daktari Fabian akaingia na mkoba wake, mtu mnene, nadhifu, mwenye kunukia sabuni.

"Nani ameruhusu unga ule ufunguliwe?"

"Mimi," alisema Laurencia. "Shikamoo, daktari. Njoo utazame nasi."

"Mkaguzi, nilikwisha kukujibu kwa maandishi. Kipimo kilikuwa na mlinganisho. Tuliweka vinasaba vya kimeta vya kununua, mashine ikaviona. Mashine ni nzima."

"Hivyo vya kununua vina ukuta?"

"Hapana, vimekwisha kutolewa tayari..."

"Yaani mlijaribu ufunguo kwenye mlango ulio wazi."

Shingo ya daktari ilibadilika rangi. "Na kwenye sikio lenyewe vinasaba vilipatikana, tena vingi. Soma ukurasa wa pili. Kama ubomoaji ungeshindikana, vingetoka wapi?"

Swali lilikuwa zuri, na kwa kitambo Laurencia aliona siku yake ya tisa ikimponyoka kama zile nane. Alimgeukia Hyasinta. "Vya nani?"

"Vya ng'ombe," Hyasinta alisema taratibu. "Chembe za ng'ombe hazina ukuta kama ule. Zinapasuka zenyewe. Daktari, tuliona vinasaba tukadhani ni vya wote."

"Tazameni," alisema Inosenti.

Walitazama. Tyubu ya tatu, ya maji matupu, ilikuwa nyeupe kama mwanzo. Tyubu ya pili, yenye kimeng'enya kilichosafirishwa kwa ndege na kuwekwa kwenye friza, ilikuwa nyeupe vile vile. Tyubu ya kwanza, ya yai la mama Antonia, ilikuwa angavu. Kupitia kwayo Laurencia aliweza kusoma tangazo lote la ukutani, na HAKUNA MSAMAHA ilisomeka vizuri zaidi kuliko mengine.

Daktari Fabian aliishika ile ya pili, akaitikisa, akaisogeza kwenye dirisha. Aliitikisa tena. Hakuna mtu aliyemharakisha. Kisha akavua miwani.

"Futa jibu," alisema Laurencia. "Niandikie sasa hivi kwamba karatasi ile haina thamani, kisha mpime upya kwa kimeng'enya kipya."

"Kufuta nitafuta. Kupima upya siwezi."

"Kwa nini usiweze?"

"Sikio limekwisha. Lilikuwa kipande, tulitumia chote. Na mizoga yote kumi na mmoja ilichomwa moto na bwana mifugo." Alisema kwa unyonge wa kweli. "Nikifuta jibu, Mkaguzi, sina jibu lingine la kukupa. Sitaweza kusema ni kimeta. Nitasema tu kwamba sijui."

Laurencia alitoka nje akampigia mkuu wake wa upelelezi, Afande Wilson, akamweleza yote, yai na mvuke na tyubu. Upande wa pili kulisikika kikohozi.

"Laurencia, kazi nzuri. Lakini 'sijui' haimtoi mtu mahabusu. Chupa ya sumu ipo, ugomvi upo, ng'ombe wake wazima wapo. Wakili wa serikali ataniuliza, kama si sumu ni nini? Niletee karatasi inayosema kimeta."

"Hakuna nyama iliyobaki ya kupima, afande."

"Basi Jumatatu anasomewa." Simu ikakatika.

Aliupiga teke mlango wa gari la serikali, na kidole gumba cha mguu kikamuuma siku nzima. Siku tisa! Alikuwa amekivunja kipande kigumu kuliko vyote vya kesi hii, na ndani hakukuwa na kitu. Alitamani kulia, akaona aibu, akarudi ndani.

Daktari Fabian alikuwa kwenye simu, akizungumza na hospitali walikolazwa wale wagonjwa wawili. "Ndiyo, wapeni dawa za kimeta, msisubiri kipimo. Ndiyo, karatasi ilikosea. Ni mimi. Andika jina langu, Fabian Amsi." Laurencia alimsamehe nusu. Ile nusu nyingine aliiweka akiba.

"Wale wawili walikula," Hyasinta alikuwa akisema, zaidi kwa nafsi yake. "Lakini anayepata kwanza si mlaji, ni mchunaji. Damu inaingia kwenye mchubuko. Siku chache tu, kidonda."

"Kidonda cha namna gani?"

"Kinaanza kama kuumwa na mdudu. Halafu katikati kinakuwa cheusi, cheusi kabisa, kama kaa, na mkono wote unavimba. Homa, kutetemeka. Watu wanakipuuza kwa sababu hakiumi."

"Hakiumi," alirudia Laurencia.

Alisimama wima katikati ya maabara. Akaona shuka mbili. Akaona benchi. Akaona mkono wa kushoto ukinyooshwa kwake Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, leo.

"Mungu wangu," alisema, "hakuwa akinidharau."

*

Askari wa kaunta aliwaambia kwamba Ngoyai ameondoka. Kuna gari la jirani lilikuwa linapanda Ngorongoro, akadandia, hata chai yake hakuimaliza. Inosenti hakungoja amri. Waliufuata mlima na vumbi jekundu likiwafuata wao, wakipita magari ya watalii yenye paa za kufunguka, na kila mara Laurencia alipoangalia saa ilikuwa ni ile ile. Ukishapita geti mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na ukishapita Endulen hakuna barabara ya kuitwa barabara. Mzee akishaingia Oltepesi na homa ile, Jumatatu isingemkuta.

Walilikuta gari kwenye geti la Loduare, limezuiwa na foleni ya vibali. Nyani mmoja alikuwa juu ya paa la gari la watalii akifungua boksi la chakula cha mtu, Wazungu wanapiga picha, dereva wao anatukana kwa Kichaga. Ngoyai alikuwa amekaa nyuma ya pikapu, juu ya gunia la mahindi, macho mekundu.

"Mzee Ngoyai, shuka kidogo."

"Mama, nimechoka. Nakwenda nyumbani kulala."

"Nionyeshe mkono wa kulia."

Hakuusogeza. Mikono yote ilikuwa ndani ya shuka, na kwa mara ya kwanza tangu Laurencia amfahamu, mzee yule hakumtazama usoni.

"Ni mwiba wa mgunga."

"Mzee wangu," alisema Inosenti, bila mzaha wa kawaida, "mficha maradhi kifo humuumbua."

Nyani alishuka na ndizi yake akaondoka. Mwisho mzee aliiondoa shuka ya juu, kisha ya pili, kisha akafungua kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, ngozi imekaza inang'aa. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na gamba jeusi la ukubwa wa kifuniko cha soda.

Laurencia alilibonyeza pembeni kwa kalamu, taratibu. Ngoyai alimtazama akifanya hivyo kama anayetazama mkono wa mtu mwingine.

"Inauma?"

"Haiumi," alisema Ngoyai. "Hata kidogo. Ndiyo maana naogopa."

Laurencia alimpigia Afande Wilson. Mtandao ulikuwa mstari mmoja.

"Afande, ulitaka karatasi."

"Umeipata?"

"Nakuletea mkono. Hyasinta atachukua majimaji ya kidonda leo, kimeng'enya kipya kinaagizwa Arusha kesho. Hiki hakitachemshwa." Akakata kabla hajaulizwa.

Alimshusha mzee, akamkalisha kiti cha mbele cha gari la polisi. "Sasa tunakwenda hospitali. Dawa ipo, na ukiiwahi unapona. Koplo, geuza."

"Hapana." Ngoyai aliushika mlango kwa mkono mzima. "Andika kwanza."

"Mzee, maelezo yatasubiri. Mwili wako hausubiri."

"Nikifa njiani nani atasema? Tulikuwa wawili tu. Andika."

Laurencia alitaka kumfokea. Alimwangalia, akaghairi, akatoa karatasi na kuilaza juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto.

"Alisema sababu," Ngoyai alianza. "Lekoko. Nilikuwa nimeshika kisu. Alinishika hapa, huu mkono huu. Akasema, angalia damu ya pua, haigandi, baba yangu alikufa kwa nyama kama hii kule Enguserosambu, acha kisu. Mimi nilisema ana wivu, kwa sababu ya birika. Nikachuna. Nikagawa nyama." Alipumua kwa shida. "Nyama niligawa mimi, mama. Kama ni sumu, ni Lekoko amewadhuru watu. Kama ni kimeta, ni mimi. Ile karatasi ilipokuja ikasema si kimeta, nilishukuru Mungu. Huu mkono ulipovimba nikajua karatasi ni ya uwongo. Nikafunga kitambaa."

"Na ukawa unakuja kukaa pale benchi kila siku."

"Nilikuwa nataka kuingia nimwambie Lekoko. Kila siku nilikuwa nataka."

Laurencia aliandika yote, hata hilo la mwisho, ambalo mahakama isingelihitaji. Aliandika majina ya waliogawiwa nyama, wote saba, Inosenti akiyarudia kwa hospitali kwenye simu. Kisha akafungua kibati cha wino, na Ngoyai akabandika dole gumba lake la kushoto mwisho wa ukurasa.

Alipomaliza alibaki ameunyoosha mkono ule ule, una wino, haujui urudi au uendelee. "Nisamehe, mama," alisema. "Huu wa kulia haufai."

Laurencia aliupokea kwa mikono yake yote miwili.